Soko la Mahali Kama Darasa la Chakula: Maelezo kwa Walimu wa Uwanda wa Ufipa

Mkoa wa Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolilisha taifa. Tangu miaka ya 1970, kila ilipozungumzwa habari ya mahindi nchini Tanzania, mikoa minne ya nyanda za juu za kusini ilitajwa kwa pamoja: Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa. Msafiri apitaye barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga baada ya mavuno huona magunia yaliyopangwa kando ya njia yakingoja malori, na baadhi ya malori hayo huvuka mpaka kwenda Zambia na Kongo. Pamoja na wingi huo wa chakula, uchunguzi wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba watoto 56 katika kila watoto 100 wa Rukwa walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa, ilhali wastani wa taifa zima ulikuwa watoto 34. Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2022, ulionyesha nafuu kidogo. Hata hivyo Rukwa ilibaki na watoto karibu 50 katika kila 100, na taifa 30.

Mtoto aliyedumaa si lazima awe mtoto aliyelala na njaa. Yamkini amekula ugali kila siku, akashiba, lakini ugali huo ukawa karibu chakula chake pekee. Zipo sababu nyingine pia, nazo mwalimu asizifiche: kuhara kwa mara kwa mara kutokana na maji machafu, mama mjamzito kufanya kazi nzito bila kula vema, na mtoto mchanga kuachwa nyumbani na nduguye mdogo wakati wa palizi. Wataalamu wanatuambia kwamba madhara makubwa hutokea tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Kwa hiyo mwanafunzi aliye mbele yetu darasani amekwisha kuupita umri huo. Je, shule ina kazi gani tena katika jambo hili? Tunaona kwamba ina kazi kubwa. Mwanafunzi wa madarasa ya juu, hasa msichana, ndiye amkorogeaye uji mdogo wake leo hii, mama anapokuwa shambani. Na baada ya miaka michache yeye mwenyewe atakuwa mzazi mwenye ghala la kuamulia.

Somo la chakula limo katika mihutasari yetu kwa miaka mingi. Tatizo ni namna linavyofundishwa. Mwalimu huchora jedwali ubaoni, wanafunzi hunakili makundi ya vyakula, kisha hukariri kwa ajili ya mtihani. Picha za vitabuni zina matufaha na jibini, vitu ambavyo watoto wengi wa Laela au Matai hawajapata kuvionja, na hazina migebuka mikavu wala ulezi. Mtoto hujifunza, pasipo mtu kumwambia, kwamba chakula bora ni kile cha mbali na cha ghali. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi soko la mahali, liwe soko kuu la mjini Sumbawanga au gulio la kijiji, linavyoweza kuwa darasa la chakula. Hatusemi kwamba wanafunzi wapelekwe matembezi. Tunasema wapelekwe kupima, kuuliza na kuandika, ili warudi wakijua ni chakula gani kinatoka katika nchi yao, ni kipi kinauzwa, na ni kipi kinabaki sahanini.

SHAMBA LA SHULE NA SOKO

Wapo watakaosema kwamba kazi hii tayari inafanywa na shamba la shule. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwezi Machi 1967, ilitaka shule iwe na shamba ili mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likalitilia mkazo jambo hilo. Fikra ilikuwa njema. Katika utekelezaji, shule nyingi zililigeuza shamba kuwa mahali pa kazi tupu, na pengine pa adhabu: aliyechelewa alikwenda kulima, na aliyefaulu hesabu alisamehewa jembe. Mavuno yalipopatikana, mwanafunzi hakuelezwa yalikwenda wapi, yaliuzwa kwa bei gani, wala yalimfaa nani. Shamba lilimfundisha kuzalisha. Upande wa pili, ule wa kugawa, kuuza, kununua na kula, ulibaki gizani. Soko ndilo linaloufunua upande huo.

Kampeni ya redio ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, iliyofuata ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliwakusanya watu wazima katika vikundi wakasikiliza na kujadiliana juu ya vyakula vilivyowazunguka. Wazee wengi wa vijijini wangali wanaikumbuka, na mwalimu atakayemkaribisha mmoja wao darasani atapata msaada mkubwa bila gharama.

NCHI TATU KATIKA SOKO MOJA

Kabla ya kwenda sokoni wanafunzi wachore ramani ya mkoa katika mchanga nje ya darasa. Magharibi waweke Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako karibu meta 770 juu ya usawa wa bahari. Katikati wainue uwanda wa Ufipa, ambao mahali pengi unapita meta 1,500, na penye milima ya Mbizi unapita meta 2,000. Mashariki wauteremshe ukuta wa Lyamba lya Mfipa mpaka bonde la Ziwa Rukwa, lililo karibu meta 800. Wakimaliza watakuwa wameona kwa macho jambo ambalo kitabu hulieleza kwa kurasa kadhaa: kwamba mkoa wao ni nchi tatu zenye hewa tatu, na kwamba kila moja huleta sokoni vitu vyake.

Uwandani kwenye baridi hutoka mahindi, ulezi, maharage, ngano, alizeti na viazi mviringo. Bondeni, Muze na Mtowisa, hutoka mpunga, ufuta na maembe, na ziwani hutoka samaki. Kirando, Kipili na Kasanga huleta dagaa na migebuka ya Tanganyika. Mwalimu aweke kokoto kwa kila kimoja mahali kinapotoka. Halafu waweke kokoto za rangi nyingine nje kabisa ya ramani, kwa ajili ya sukari, mafuta ya kopo, biskuti na chumvi. Juu ya chumvi mwalimu anaweza kuongeza kwamba haikuwa hivyo siku zote. Huko Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, watu walitengeneza chumvi kwa karne nyingi kabla ya kuja kwa wakoloni, na wachimbuzi wa mambo ya kale wamezikuta dalili za kazi hiyo ardhini.

Hapa tunataka kumtahadharisha mwalimu. Neno "chakula cha mahali" lisimfanye aseme kwamba cha zamani ndicho chema na cha kuja ndicho kibaya. Ulezi ni zao la nyanda za juu za Afrika Mashariki tangu maelfu ya miaka, ni kweli. Lakini mahindi, maharage, viazi mviringo, karanga na mihogo, vyote asili yake ni Amerika, na vilifika bara letu baada ya mwaka 1500 kwa njia ya Wareno na wafanyabiashara wengine. Ngano ya Ufipa nayo ni mgeni. Mwanafunzi akilijua hili, ataona kwamba mababu zake hawakuwa watu wa kung'ang'ania. Walijaribu mazao mapya, wakayachagua, wakayaingiza katika kilimo chao. Cha mahali ni kile ambacho watu wa mahali wanajua kukilima, kukihifadhi na kukipika.

ADABU NA MATAYARISHO

Mwalimu atangulie kwenda sokoni peke yake siku moja kabla. Aonane na viongozi wa soko, awaeleze kusudi lake, na achague wauzaji wanane au kumi walio tayari kuulizwa. Siku ya gulio kubwa haifai kwa darasa zima, maana wauzaji wanatafuta riziki na hawana nafasi. Asubuhi ya siku ya kawaida inafaa zaidi. Darasa ligawanywe katika vikundi vya watoto watano watano, na kila kikundi kiwe na aina moja tu ya chakula cha kuchunguza. Kikundi chenye maswali ishirini hurudi na majibu ya kubahatisha. Maswali manne yanatosha. Kitu hiki kimetoka wapi? Kinapimwa kwa chombo gani? Bei yake mwezi wa mavuno ilikuwa ngapi, na leo ni ngapi? Nyumbani kwako, mama, mnakipikaje?

Swali la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, nalo huulizwa kwa heshima. Watoto wafanye mazoezi darasani kabla ya kuondoka: wafike, wasimame kando wasizuie wateja, waamkie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mnataka kununua?"

"Tumetumwa na mwalimu, mama. Tunaomba utufundishe habari za ulezi wako, kama una nafasi."

Muuzaji aliyeombwa kufundisha huwa mtu mwingine kabisa. Ataacha kupepeta, atamimina ulezi kiganjani, ataeleza tofauti ya ule wa kusaga na ule wa kuotesha. Tena ni vema kila kikundi kinunue kitu kidogo kwa fedha ya shule, hata kama ni fungu moja la dagaa. Si haki kumchukulia mtu muda wake wa biashara na kuondoka mikono mitupu. Isitoshe, vitu hivyo vitahitajika darasani.

Katika kila darasa la Sumbawanga wamo watoto ambao mama zao huuza sokoni, na wengine huuza wao wenyewe kabla ya kengele ya asubuhi. Aghalabu hao ndio walio nyuma katika masomo, na hutajwa kwa lawama ya kuchelewa. Katika somo hili wao ndio wajuzi. Mwalimu awape kuongoza vikundi.

VIPIMO

Tumekuta kwamba hakuna sehemu ya somo inayowaamsha wanafunzi kama ile ya vipimo, kwa hiyo tutaieleza kwa kirefu.

Serikali imeweka kilo kuwa kipimo cha halali, na Wakala wa Vipimo hukagua mizani. Hata hivyo, sokoni nafaka nyingi hupimwa kwa debe, kwa ndoo, kwa sado na kwa kopo. Nyanya na dagaa hupimwa kwa fungu. Na mahindi ya jumla hupimwa kwa gunia, ambalo mara nyingi hujazwa mpaka likashonewa kofia juu, yaani lumbesa. Mwanafunzi anayejua kubadili kilo kuwa gramu, lakini hajui kipimo anachotumia mama yake, amefundishwa nusu ya hesabu.

Zoezi la kwanza ni jepesi. Shule ipate mizani, hata ya kuazima zahanati au dukani. Wanafunzi wajaze kopo lile lile, kwanza kwa ulezi, kisha kwa mahindi, maharage na alizeti, wakilifuta kwa kijiti mara zote, na kupima uzito kila mara. Watakuta kwamba kopo la alizeti ni jepesi mno likilinganishwa na la maharage, ingawa macho huona kitu kimoja. Hatuandiki hapa uzito watakaoupata, kwa kuwa nafaka kavu na nafaka mbichi hazilingani, na mwalimu akiwa na jibu mfukoni atawasahihisha wanafunzi mahali ambapo mizani ndiyo iliyostahili kusema.

Zoezi la pili linahusu kichuguu kinachorundikwa juu ya ndoo. Mkulima anapouza mahindi kijijini, mnunuzi hutaka ndoo ijazwe mpaka nafaka ianze kuporomoka. Kichuguu hicho huhesabiwa kuwa si kitu, ni "nyongeza". Wanafunzi wakipime. Chukua ndoo ya lita 20 ambayo mdomo wake una kipenyo cha sentimeta 28, na kichuguu chenye kimo cha sentimeta 7.5. Kichuguu ni pia, na ujazo wa pia ni theluthi moja ya eneo la kitako mara kimo. Eneo la mdomo ni 22/7 mara 14 mara 14, yaani sentimeta za eneo 616. Zidisha kwa 7.5, gawanya kwa 3: unapata sentimeta za ujazo 1,540, ambazo ni lita moja na nusu na zaidi kidogo. Ndoo kumi na tatu za namna hiyo huwa na vichuguu vya lita 20.02. Kwa maneno mengine, mkulima aliyeuza ndoo 13 ametoa ndoo 14 na kulipwa 13. Wadogo ambao hawajajifunza ujazo wa pia wanaweza kukikwangua kichuguu kwa ubao na kukipima kwa kikombe cha lita. Jibu litakuwa lile lile.

Darasa linapofikia hapo huzuka kelele, na mwalimu asiizime. Mtoto mmoja atasema baba yake ameibiwa. Mwingine, ambaye mama yake ni mnunuzi mdogo, atajibu kwamba nafaka mbichi hupungua ikikauka, na kwamba mnunuzi naye hudaiwa kichuguu mbele ya safari. Yote mawili yana ukweli ndani yake. Waachwe wajadiliane, kisha waulizwe: kama pande zote mbili zingetumia mizani, nani angepata hasara? Swali hili halina jibu la haraka, na linafaa kuandikiwa insha ya Kiswahili.

BEI NA MAJIRA

Ukutani mwa darasa pawe na chati ya bei. Kila mwezi, siku moja iliyopangwa, wanafunzi wawili waende sokoni kuandika bei ya vitu sita vile vile: mahindi, ulezi, maharage, dagaa, mboga za majani na mafuta ya kupikia. Mwaka ukiisha mstari wa mahindi utakuwa umeshuka wakati wa mavuno, tangu mwezi Mei hadi Agosti, na kupanda katika miezi ya mvua kuelekea Februari. Mstari wa mboga utakwenda kinyume: mvua ikinyesha, majani ya maboga na uyoga hujaa, kiangazi huadimika.

Chati hii huwafundisha wanafunzi jambo ambalo wengi wamelishuhudia nyumbani bila kulielewa. Tuchukue mfano wa kubuni. Familia inauza magunia matatu mwezi wa Juni ili kulipa madeni na kununua nguo. Mwezi wa Februari ghala limekwisha, inabidi inunue, na bei imekuwa maradufu. Fedha ile ile ingerudisha gunia moja na nusu tu. Wanafunzi waulizwe familia hiyo ingefanya nini, na mwalimu ajihadhari na majibu mepesi kama "isiuze", kwa maana madeni hayangoji. Kuuza kidogo kidogo, kukausha vema na kuhifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa, kuweka akiba ya maharage badala ya fedha: haya yote yajadiliwe. Kuhusu kukausha, wanafunzi waambiwe pia juu ya sumukuvu, iletwayo na ukungu wa nafaka, ambayo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Wanafunzi wakubwa wanaweza kupanda ngazi moja zaidi na kuuliza kwa nini gunia la mahindi ni rahisi Laela kuliko Dar es Salaam. Umbali unapita kilometa 1,000, na nauli ya mzigo hukatwa katika bei ya mkulima. Haikuwa hivyo wakati wote. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na Shirika la Taifa la Usagishaji, lililoundwa mwaka 1968, likanunua kwa bei hiyo hata katika mikoa ya mbali. Mkulima wa Ufipa alipata sawa na yule aliye karibu na reli, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa iliyoyafanya mahindi yaenee uwandani kwa kasi. Gharama ya kusafirisha ilibebwa na Shirika, nalo likaelemewa na madeni. Kuanzia mwaka 1984 masharti ya biashara ya nafaka yalianza kulegezwa, na umbali ukarudi kuwa mzigo wa mkulima. Siku hizi Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa mwaka 2008, hununua sehemu ya mavuno, na sehemu kubwa huachiwa wafanyabiashara. Babu na bibi za wanafunzi waliuza katika nyakati zote hizo. Kila mwanafunzi amuulize mmoja wao: "Babu, mlikuwa mkiuza wapi, na nani alipanga bei?" Majibu yatatofautiana, na tofauti hizo ndizo somo la historia.

ULEZI

Tumeuacha ulezi nyuma kwa makusudi, kwa kuwa ndio unaokutanisha kilimo, soko na lishe ya mtoto mdogo mahali pamoja.

Kabla ya mahindi kutawala, ulezi ulikuwa nafaka kuu ya Wafipa, na waliulima kwa ustadi unaostahili kufundishwa. Mvua zikikaribia kwisha, nyasi zikiwa ndefu na udongo ungali laini, mkulima huparua ardhi pamoja na nyasi zake na kuifanya vituta vya mviringo, nyasi zikiwa zimefukiwa ndani. Vituta hivyo huitwa intumba. Juu yake hupandwa maharage au mazao mengine, na ndani nyasi huoza polepole. Msimu ufuatao vituta huvunjwa, udongo wenye mboji husambazwa, na ulezi humwagwa. Hapakuwa na mbolea ya kununua, wala uwanda wa Ufipa hauna miti mingi ya kuchomwa majivu. Nyasi ndizo zilizokuwa mbolea. Wamatengo wa Mbinga nao wana mashimo yao ya ngoro, ambayo kanuni yake inafanana na hii. Mwanafunzi anayesoma katika kitabu cha sayansi habari za mboji, asijue kwamba bibi yake ameitengeneza maisha yake yote, hajasaidiwa na shule yake.

Gramu 100 za ulezi zina madini ya chokaa zaidi ya miligramu 300. Mahindi hayafikii 30. Mwili wa mtoto anayeota mifupa na meno unayahitaji madini hayo, hasa mahali ambapo maziwa ni machache. Ulezi una pia vitu vinavyouzuia mwili kuyafyonza madini yote yaliyomo, lakini kuuchachusha au kuuotesha hupunguza kizuizi hicho, na wazee waliyafanya yote mawili katika togwa. Kuna faida nyingine ya kimea. Uji wa mtoto mdogo ukiwa mzito, hameza kidogo akachoka. Ukiongezwa maji, hushiba maji. Wanafunzi wanaweza kulijaribu jambo hili darasani: wapike uji mzito ambao mwiko husimama, wauache upoe hadi uwe vuguvugu, watie kijiko kimoja cha unga wa kimea cha ulezi, wakoroge. Baada ya dakika chache uji utalegea na kumiminika, bila kuongezwa maji, unga ukiwa ule ule. Kisha urudishwe motoni uchemke kabla ya kunywewa. Kimea huivunja wanga. Mwalimu wa sayansi anajua kueleza zaidi. Mwanafunzi aliyeliona jambo hili kwa macho atalifanya nyumbani jioni hiyo hiyo.

Sasa warudi kwa maelezo waliyoyaandika sokoni. Muuzaji wa ulezi alisema wanunuzi wake ni nani? Mara nyingi atakuwa amesema: watengeneza pombe. Hili liandikwe bila kejeli. Pombe ya ulezi ina nafasi yake katika desturi za kufanya kazi pamoja, na wanawake wengi wamesomesha watoto kwa kuipika. Swali la kuwauliza wanafunzi ni la kipimo tu: katika debe moja la ulezi lililoingia nyumbani, makopo mangapi yalikwenda katika uji wa mtoto?

Hapo mwalimu awe mwangalifu. Asiwaambie wanafunzi wasimame mmoja mmoja na kutaja walichokula jana. Tumeona zoezi hilo katika maandalio mengi ya wanachuo, nalo huwaumiza watoto wa nyumba zenye dhiki, au huwafundisha kusema uongo. Badala yake darasa liunde familia ya kubuni, liipe watoto, shamba na ghala, na maswali yote yaulizwe juu ya familia hiyo. Watoto huyaweka humo ya kwao bila kuaibika.

UPIMAJI

Nchi nyingine zimekwisha kulitambua jambo hili kwa njia zao. Japani ilitunga sheria ya elimu ya chakula mwaka 2005, na chakula cha mchana shuleni huko huhesabiwa kuwa somo. Brazili, kwa sheria ya mwaka 2009, iliagiza kwamba angalau asilimia 30 ya fedha ya serikali kuu ya chakula cha shule inunulie mazao ya wakulima wadogo. Kwetu, shule nyingi hupika uji au makande kwa mahindi na maharage ya wazazi. Sufuria hiyo ya shule ni zana nzuri ya kufundishia, na kamati ya shule ikipenda, vikundi vya wanafunzi vinaweza kupendekeza nini kiongezwe ndani yake kwa bei iliyo ukutani.

Mtihani wa somo hili usiwe "Taja makundi ya vyakula". Mwanafunzi apewe chati ya bei ya mwezi ule, aambiwe ana shilingi 5,000 na mtoto wa mwaka mmoja wa kumlisha kwa siku tatu, nyumbani mna unga wa mahindi na kuni tu. Aandike atanunua nini, kwa kipimo gani, na kwa nini. Mmoja atanunua dagaa na majani ya maboga. Wa pili atachukua ulezi, karanga na maembe kwa sababu ni mwezi wa maembe ya bondeni. Wa tatu ataomba fungu la maharage na kubakiza shilingi mia tano za chumvi. Watatu hao wanaweza kustahili alama zote, ikiwa hesabu zao zinajumlika na sababu zao zinasimama. Anayepoteza alama ni yule aliyenunua vitu visivyouzwa mwezi huo, kwa kuwa hakuitazama chati.